Birika la Uani

Kiangazi kikikaza Tanga, mwezi wa pili hivi, pita mitaa ya Sahare au Mwahako uchungulie nyua za watu. Utayaona madimbwi yaliyochimbwa kwa furaha mwaka juzi yamebaki mashimo. Moja limeweka ufa kutoka pembe hadi pembe. La pili limetandikwa turubai ambalo jua limelichana vipande. La tatu lina maji ya kijani kimo cha kisigino, na viluwiluwi vya mbu vinacheza juu yake. Wenyewe walikuwa na nia njema. Huyu alitaka sato wa kitoweo, yule alitaka mabata wake wapate pa kuogelea, mwingine alitaka tu yungiyungi lichanue mbele ya baraza, akae alitazame jioni. Kupenda maji karibu na nyumba ni tabia ya kale ya watu wa pwani, na nafurahi kuona haijafa. Linaloniuma ni kwamba tumeubakiza upendo huo tukautupa ujuzi wake.

Barazani swali huwa moja: nichimbe mwenyewe, au nimwite fundi? Kila mtu ana jibu, na majibu mengi huanzia mfukoni. Langu halianzii huko. Shimo chimba mwenyewe, wewe na wanao na jirani mwenye sululu. Kuyatuliza maji ndani ya shimo hilo, hiyo ni kazi ya fundi, tena fundi aliyelelewa na fundi.

Hilo lilinikaa vizuri zaidi nilipomtazama mzee mmoja mwashi akianza birika uani kwa jirani, Chumbageni. Hakuja na mashine. Alikuja na kikapu cha ukili, ndani yake mwiko uliolika ncha, timazi, kamba, chupa tupu ya soda, na mpira mwembamba unaoonyesha maji, ameukunja vizuri na kuufunga kwa kitambaa. Shimo lilikuwa tayari. Jirani na wanawe walilichimba wenyewe kwa siku chache, na mzee alilisifu. Akapigilia mambo za miti kandokando, akaomba ndoo ya maji safi, akaujaza ule mpira.

Kijana aliyekuwa akimsaidia alitaka kupiga alama mara moja. "Ngoja," mzee akamwambia, "yana hewa hayo." Akautembea mpira wote kwa mwendo wa pole, akiudonadona kwa ukucha, na kila alipodona, kipovu kimoja kilijibandua kikapanda kikatoka. Akarudi mwanzo, akaweka kidole gumba kwenye mdomo wa mpira, akauegemeza kwenye mambo ya kwanza, akaondoa kidole. Maji yakapanda, yakashuka, yakapanda tena kidogo.

"Yametulia, Babu," kijana akasema kutoka upande wa pili.

"Bado."

Tukangoja. Sote tuliokuwepo tukanyamaza, hata watoto. Kisha mzee akachukua msumari, akakwaruza mstari mmoja kwenye mti, akamwambia kijana naye akwaruze wake. Wakahamia mambo inayofuata. Kazi hiyo ya alama tupu, kabla ya tofali hata moja kuwekwa, iliwala asubuhi nzima.

Nikamuuliza, "Fundi, si ungetumia pima maji ya mbao umalize upesi?"

"Ile inanipa ukweli wa futi tatu, mwanangu," akanijibu. "Hapa tuna futi kumi na mbili."

Ukuta wa nyumba ukipotoka inchi moja, fundi atakuja kuuficha kwa lipu, na mgeni hatajua. Birika halina pa kuficha. Maji yenyewe yako sawa daima. Ukingo ukiwa umelala upande mmoja, kila alfajiri utaona huku maji yanafurika na kule ukuta umeachwa uchi. Aliyejenga anasutwa na kazi yake mwenyewe kila siku kwa muda wote ambao birika litaishi. Ndiyo maana yule mzee hakuona haya kutungojesha.

Ile chupa ya soda nayo nilikuja kuielewa siku za mbele. Pale ukuta unapokutana na sakafu, mjenzi wa harakaharaka huacha pembe kali, na pembe kali ndiyo inayopasuka kwanza, kwa kuwa hapo chini ndipo maji husukuma kwa nguvu zaidi. Mzee alijaza udongo wa saruji katika pembe hiyo, kisha akaiburuta chupa ubavuni, taratibu, akiilowesha kila mara, mpaka pembe ikageuka mviringo laini usio na mahali pa ufa kuanzia. Baadaye akapiga niru, akaisugua kwa mwiko hadi ikang'aa. Akafunika kila kitu kwa magunia, akaagiza yamwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Jirani alikuwa ameshanunua vifaranga vya sato. Mzee akamkataza kuvitia. Saruji mbichi hutoa chokaa kali majini, samaki hafiki kesho. Ilibidi birika lijazwe, likae, limwagwe, lijazwe tena, mara baada ya mara, ndipo maji yakawa maji.

Haya yote yanaweza kusemwa kwa dakika tano, na vijana wetu huyasikia kwa dakika tano kwenye simu. Kuyajua ni jambo jingine.

Sisi tuliokulia nyumba za mawe za Pangani tunakumbuka birika lilivyokuwa sehemu ya nyumba, si pambo lililoongezwa. La kwa bibi lilikuwa pembeni mwa ua, chini ya mfereji ulioshusha maji ya mvua kutoka darini. Halikuwa kubwa. Ukingo wake ulikuwa mpana kiasi cha kukaliwa na mtu mzima, na ulikuwa umelainishwa na mikono na makalio ya vizazi. Ndani lilipakwa chokaa yenye weupe wa kuelekea maziwa, na maji yake yalikuwa baridi hata saa saba mchana wa mwezi wa kwanza. Kata ya kifuu ilining'inia ukutani kwa kamba yake. Kuitumbukiza kata iliyogusa ardhi lilikuwa kosa la kuchapiwa.

Humo ndani waliishi visamaki vidogo vidogo, wa rangi ya majivu, ambao hakuna aliyewala na hakuna aliyewapa chakula. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Desturi hii utaikuta Lamu pia, katika mabirika ya nyumba za zamani, na nadhani ni ya miji yote ya mawe. Sisi watoto tuliambiwa tusiwashtue, basi tulilala kifudifudi ukingoni, kidevu kikiwa juu ya chokaa, tukiwangojea wapande. Nilijifunza pale kwamba maji yakikaa bila kiumbe ndani yake huharibika, na kwamba kuyatunza ni kuyapa wakazi wanaofaa. Leo mtu huchimba dimbwi, mbu wakizidi humwaga mafuta ya taa, kisha hushangaa yungiyungi limekufa.

Kila mwaka, kabla ya masika kuanza mwezi wa tatu, bibi alituma mtu kwa fundi. Hakungoja livuje. Fundi alikuja na mwanafunzi wake, visamaki vikahamishiwa kwenye sufuria kubwa la shughuli, birika likakaushwa, likasuguliwa kwa makumbi ya nazi, likakaguliwa kwa ncha ya kidole. Nasema kidole, kwa kuwa fundi yule alipapasa ukuta mzima akiwa amefumba macho. Alipopata mahali pamelegea aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena kando, akalinganisha. Palipolia utupu alipabandua, akapapaka upya. Bibi alimlipa, akampa na chakula, na mwanafunzi akapewa chake. Hakuna aliyeliita jambo hilo gharama. Lilikuwa katika mambo ya mwaka, pamoja na kuezua na kuezeka banda la jikoni.

Ujuzi huo ulikuwa na ukoo mrefu. Husuni Kubwa, Kilwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lina birika la kuogea lenye pembe nane, limekatwa na kupangwa ukingoni mwa jabali linalotazama bahari, na hata leo, likiwa gofu, pembe zake zinamshangaza mjenzi. Msikiti mkuu wa Gedi, kaskazini ya Mombasa, una kisima na birika lake la udhu. Unguja, Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mapambo ya chokaa ya kuta zake ni ya mtindo wa kwao Uajemi. Sultani aliyetawala pwani yote hii hakuona aibu kuiacha kazi ya maji na chokaa kwa mikono inayoijua.

Karibu yetu zaidi ni Tongoni, mwendo wa kilomita 20 hivi kusini ya mji kwa njia ya Pangani. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498, meli yake moja ikakwama kwenye fungu; mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, aliichoma moto hapohapo kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Mji wenyewe ulikufa baadaye. Yamebaki msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, na katika baadhi ya kuta kuna vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure. Bakuli zimeng'olewa. Chokaa iliyozishika bado imeng'ang'ania jiwe. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini zilipovunjika nyingine zilivunjika jiwe, si kiungo. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyechanganya chokaa miaka 600 iliyopita na ambaye jina lake hakuna anayelijua.

Narudi kwa anayetaka kujichimbia. Ana haki, na ana faida. Mwenye ua ndiye anayejua maji ya mvua yanakopita na kivuli kinapoangukia saa nane. Anajua mkungu ule hupukutisha majani makubwa yatakayooza majini, na kwamba mizizi ya mwembe haina adabu kwa ukuta. Akichimba mwenyewe ataujua udongo wake futi kwa futi: mchanga hapa, jiwe la tumbawe pale, na akibahatika, mfinyanzi. Ajaze shimo maji jioni, alitazame asubuhi. Udongo utamwambia wenyewe kama unashika au unakunywa. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Ujenzi wa nyumba ya mawe ulikuwa wa wengi: ndugu na majirani walibeba mawe, wanawake waliteka maji, na siku ya kupiga dari watu walisimama safu juu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakiitwanga zege ya chokaa kwa kuimba mpaka ikakaza. Fundi alikuwa mmoja kati ya umati. Lakini yeye ndiye aliyesema "sasa" na aliyesema "bado".

Tulichokipoteza ni huyo wa kusema "bado".

Mpwa wangu mmoja, kijana mwerevu na mwenye bidii, alijenga dimbwi lake karibu na Raskazone kwa kufuata video. Watu wa video walikuwa wa nchi ya baridi, wenye udongo mwingine na mvua nyingine. Alitandika turubai la plastiki, akapanga mawe ukingoni, likapendeza kwelikweli. Jua la pwani likalila kingo. Akalibomoa, akamwaga zege, safari hii na vibarua wa kijiweni waliotaka kumaliza kabla ya adhuhuri, kwa mchanga uliozolewa ufukweni kwa kuwa ulikuwa karibu. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hula nondo. Masika ilipofika alilimwaga maji ili alisafishe. Pale karibu na bahari, maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua; birika tupu halina uzito wa kuyakandamiza, nayo hulisukuma kutoka chini. Sakafu ilibenuka usiku mmoja. Mwashi yeyote mzee wa Tanga angemwambia asilimwage masika. Hakumuuliza yeyote, na simlaumu yeye peke yake, maana hatukumlea kuuliza. Tulimwambia fundi ni gharama, na kwamba kila kitu kimo kwenye simu.

Turubai lenyewe silitukani. Lile zito la kazi hiyo, likifunikwa vizuri jua lisilione, lina mahali pake, hasa kwenye mabwawa makubwa ya wafugaji wa samaki. Hata saruji siitukani. Kiwanda cha Pongwe kimejenga mkoa huu na mikoa mingi. Ila saruji imetufundisha pupa. Inakaza mbele ya macho, basi tunadhani imekwisha.

Chokaa haikuruhusu pupa. Mawe ya tumbawe yalipangwa juu ya magogo yaliyorundikwa duara, moto ukatiwa, ukawaka usiku kucha. Kilichobaki kikazimwa kwa maji, kikalazwa shimoni miezi, na kadiri kilivyolala ndivyo kilivyolainika. Kikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kikapakwa tabaka kwa tabaka, kila moja likingojwa likauke kivulini kabla ya jingine. Hukaza polepole kwa kunywa hewa, na nyumba ikitikisika kidogo nacho hutikisika nayo. Ufa mwembamba wa unywele huweza kujifunga wenyewe, chokaa ikiyeyuka kidogo majini na kuganda tena ndani ya ufa. Saruji ikipasuka inakungoja wewe.

Siombi matanuri ya ufukweni yarudi. Matumbawe ya Tanga yameteswa ya kutosha, kwa kung'olewa yachomwe chokaa na kwa baruti za wavuvi wasio na huruma. Tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari iliyopewa jina la silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni wajibu wetu kuyaacha matumbawe yapone. Lakini mawe ya chokaa ya nchi kavu tunayo: mapango ya Amboni yamo ndani ya jiwe hilo, na Pongwe wanalichimba kila siku. Malighafi haijatuishia. Kinachotuishia ni watu wanaojua chokaa ikikaa vipi mkononi ndiyo imeiva.

Nimeona misikiti ya kale ikivunja mabirika yake ya udhu ili kuweka safu ya mabomba. Sababu zinazotolewa ni usafi na nafasi, na sizipuuzi. Lakini hakuna hata mahali pamoja nilipoona fundi mzee ameitwa kwanza, aulizwe kama birika linaweza kutengenezwa. Linavunjwa kwa nyundo asubuhi, jioni vigae vya bluu vimebandikwa, na baada ya mwaka bomba moja katika matatu linadondosha usiku kucha. Yale mabirika yalikuwa ndiyo shule. Kila miaka michache yalihitaji mkono, na mkono uliokwenda ulikwenda na mwanafunzi. Hivyo ndivyo yule wa Pangani alivyojifunza, na huyu wa Chumbageni naye: kwa kushika upande wa pili wa mpira na kuambiwa angoje.

Kijana aliyekuwa akimsaidia mzee sasa anabandika vigae Dar es Salaam. Vigae vina kazi kila siku, naye ana watoto. Mzee alinieleza hayo bila kinyongo, huku akiukunja mpira wake. Nilimwuliza kipimo chake cha chokaa, udongo na mchanga, nikiwa na kalamu mkononi. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akaomba ndoo, akachanganya kidogo, akaufinyanga, akautupia ukutani, akausikiliza ulivyopiga, akaongeza maji kwa vidole, akautupia tena. "Huu," akasema. Nilibaki na karatasi tupu, kwa kuwa kipimo hicho hakiandikiki na mtu asiyekuwa na mkono ule. Kinahitaji mtu mwingine mwenye mikono asimame hapo naye, msimu baada ya msimu.

Mtaa huohuo wa Chumbageni kuna nyumba nyingine ambayo mwenyewe ameshapima mahali pa dimbwi lake na kununua turubai. Kutoka hapo hadi kwa mzee ni nyumba tatu, na hajaenda kumuuliza.